Mbwa wa jirani wanakimbiza mbuzi wako: mwongozo kamili kwa mfugaji wa Tanga, usisubiri afe wa kwanza

Wakuu wafugaji habari zenu. Hii naiandika kwa yule mwenye mbuzi wake kumi au kumi na tano pale Pongwe au Kiomoni, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa huko Muheza, au mama mwenye kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba pale Mwambani, ambae kila kukicha anatoka nje na roho juu hajui leo mbwa wa jirani wamefanya nini. Ni mambo ambayo ukiyafuata kwa mpangilio unaokoa mifugo na unabaki na jirani yako, na vyote viwili vina thamani.

Kitu kikubwa ninachotaka ukishike ni hiki: anza kushughulika siku mbwa alipokimbiza, sio siku alipoua. Mbwa haanzi kwa kuua. Anaanza kwa kusimama mbali anaangalia, kesho anabweka pembeni ya zizi, siku nyingine anakimbiza kidogo mbuzi wakikimbia na yeye anapata raha ya kukimbiza, alafu anakuja na mwenzake, na wakishakuwa wawili watatu wanajitia ushujaa ambao mbwa mmoja peke yake hana. Akishaua mara moja kumrudisha nyuma ni kazi kubwa sana, mara nyingi inabidi afungwe maisha yake yote au mwenyewe amuondoe kabisa. Watu wengi wananyamaza ile wiki ya kukimbizwa kimbizwa kwa kuona aibu kwenda kwa jirani kwa jambo "dogo", alafu wanaenda siku wamekufa mbuzi wanne wakiwa na hasira mpaka mikono inatetemeka. Hapo hakuna mazungumzo tena, kuna ugomvi.

Na tuwe wakweli kuhusu mbwa wetu wa huku. Muheza, Pangani, Mkinga, mbwa wengi wanawekwa kwa ajili ya shamba, wafukuze ngedere na nguruwe pori wasimalize mahindi na mihogo, na wengine wanaenda nao kuwinda kabisa. Yani huyo mbwa amezoeshwa kwamba kinachokimbia kinafukuzwa, na hakuna aliemfundisha kwamba mbuzi sio mmoja wao. Ongeza njaa, maana wengi hawapewi chakula cha kueleweka, wanajitafutia wenyewe. Ongeza mkonge, wewe unajua mashamba ya mkonge yalivyo, mbwa akiingia mule humuoni tena na anaweza kukufikia zizini bila kupita njia yoyote. Kwaio jirani wengi sio kwamba wana roho mbaya, hawajui kabisa mbwa wao anafanya nini saa kumi na moja alfajiri.

HATUA YA 1: Tukio likitokea, watu kwanza

Ukisikia kelele zizini usikimbilie katikati ya mbwa na mbuzi mikono mitupu. Chukua fimbo ndefu au tochi kali, piga kelele, gonga bati au ndoo, ita watu. Mbwa waliopandwa na mori wanaweza kukugeukia, haswa wakiwa kundi, na hata mbwa anaekujua anaweza kukung'ata wakati huo. Watoto wasitoke nje kabisa. Ukishawafukuza funga mlango wa banda ndio uanze kuhesabu.

Alafu kabla hujagusa mbuzi hata mmoja, uliza: kuna mtu kang'atwa? Kuna mtu kakwaruzwa, au mate ya mbwa yamemgusa kwenye kidonda? Kama jibu ni ndio, habari ya mbuzi inasubiri. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni kama hakuna, lakini kabla ya dalili kinazuilika vizuri kabisa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, angalia saa usikadirie, dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, udongo wala majani. Ukimaliza kuosha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kama uko mjini Bombo ndio hospitali ya rufaa ya mkoa. Piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo, usije ukafunga safari bure. Chanjo inatolewa kwa siku zilizopangwa, ya kwanza siku unayofika, nyingine zinafuata kwa ratiba watakayokupa, na hizo za mbele watu wengi wanaziacha wakiona kidonda kimekauka. Usiache. Na kama zimeshapita siku kadhaa tangu ung'atwe nenda tu, kuchelewa sio sababu ya kukaa nyumbani.

Mbwa aliyeng'ata mtu, kama anajulikana, asiuliwe haraka haraka. Afungwe aangaliwe siku 10. Akimaliza siku 10 yuko hai na mzima, maana yake siku ile alipong'ata hakuwa na kichaa kwenye mate. Ila wewe usisubiri hizo siku 10 ziishe ndio uanze chanjo, anza, daktari ndie atakaeamua kama unaendelea au unaacha.

HATUA YA 2: Angalia mifugo, mmoja mmoja

Majeraha ya mbwa yanadanganya. Kwa nje unaona tundu dogo la jino, kwa ndani ngozi imeachana na nyama na kumechanika vibaya, kwa sababu mbwa aking'ata anatikisa kichwa. Kwaio mkague kila mnyama, hata anaesimama vizuri, pitisha mkono shingoni, kooni, mapaja ya nyuma, chuchu na kiwele, masikio, mkia. Vaa glovu, na kama huna vaa mifuko ya plastiki mikononi, maana kwenye yale majeraha kuna mate ya mbwa na hujui mbwa yule ana nini.

Kata manyoya kuzunguka jeraha kwa mkasi. Chemsha maji lita moja, weka kijiko cha chai kilichojaa cha chumvi, yakipoa safisha jeraha kwa kumimina maji mengi, mengi kweli, sio kufuta futa na kitambaa. Yale matundu ya meno usiyashone wala kuyaziba, usaha ukikosa njia ya kutokea unaenda kuozesha ndani. Paka ayodini au jivii (GV, ile dawa ya zambarau), alafu pembeni ya kidonda weka dawa ya kufukuza inzi, manake huku kwetu na hili joto siku mbili tatu tu unakuta funza. Antibayotiki ya sindano mwachie bwana mifugo aamue ipi na kiasi gani kwa uzito wa mnyama, na muulize maziwa na nyama havitumiki kwa siku ngapi baada ya dawa. Hilo la maziwa wenye ng'ombe wanaopeleka kwenye vituo vya kukusanyia wanalijua, ila wenye mbuzi wawili watatu wa nyumbani wengi wanalipuuza.

Mbuzi wenye mimba waangalie kwa wiki mbili tatu mbele hata kama hawana jeraha lolote. Mbuzi aliyekimbizwa sana anaweza kutupa mimba siku kadhaa baadae, na hiyo nayo ni hasara iliyoletwa na mbwa, iandike.

Sasa swali ambalo kila mtu anauliza: mbuzi kang'atwa, bado anapumua, nimchinje tuokoe nyama? Kama mbwa ni mzima, anajulikana na ana chanjo, ongea na bwana mifugo akague, usijiamulie. Kama mbwa alikuwa anatembea ovyo, anatoa udenda, anang'ata kila kitu, au haijulikani katoka wapi, usichinje usile. Hatari kubwa iko kwa yule anaechinja na kuchuna, mikono yake imejaa damu na mate na pengine ana mkwaruzo kidoleni. Mnyama aliyebaki hai mtenge, muangalie kwa wiki na miezi, sio siku mbili, kwa sababu kichaa kinaweza kukaa muda mrefu ndani kabla hakijatokea. Ng'ombe mwenye kichaa analia kwa sauti iliyobadilika, anatoa mate mengi, anashindwa kumeza, na watu wanadhani kakwama embe au muhogo kooni. USIMTIE MKONO MDOMONI. Wafugaji wanajiweka hatarini hapo hapo, kwa nia njema kabisa ya kumsaidia mnyama wao. Mtenge, mpigie bwana mifugo, na maziwa yake mwaga.

HATUA YA 3: Hakikisha ni mbwa, na ni mbwa yupi

Usiende kwa mtu na tuhuma za kuhisi. Huku kuna fisi, kuna chatu, kuna vicheche na paka pori kwa upande wa kuku, na wezi wapo. Mbwa ana namna yake ya kuacha uwanja: anajeruhi wengi na kula kidogo au kutokula kabisa. Utakuta mbuzi watano wana majeraha sehemu tofauti tofauti, mmoja kaliwa kidogo paja, wengine wamelala tu. Fisi anakuja kula, anavunja mifupa na mara nyingi anaondoka na kipande kikubwa au mnyama mzima. Chui anashika koo na kumvuta mnyama pembeni, nyayo zake hazionyeshi kucha. Nyayo za mbwa zinaonyesha kucha, ila hata za fisi zinaonyesha, kwaio usitegemee nyayo peke yake. Chatu haachi damu wala vipande, anameza mzima, unabaki unahesabu tu mmoja kapungua.

Ukishajua ni mbwa, mjue kwa rangi na alama. Mwekundu mwenye doa jeupe kifuani, mweusi sikio limekatika, jike lenye matiti yanayoning'inia. Muulize anaechunga, vijana wanajua mbwa wote wa mtaa na nani mwenyewe.

HATUA YA 4: Ushahidi, kabla jua halijachomoza sana

Simu unayo. Piga picha za mnyama kabla hujamhamisha, picha ya mbali inayoonyesha zizi lako na picha ya karibu ya jeraha, na kama mbwa bado wapo wapige hata kwa mbali. Video ni nzuri zaidi, hata kama inatikisika, tamka tarehe na mahali huku unarekodi. Weka kitu pembeni ya unyayo kama kiberiti ili ukubwa uonekane. Alafu jitumie zile picha WhatsApp au mtumie ndugu yako, simu ikipotea ushahidi ubaki.

Muite shahidi asiye wa nyumba yako. Jirani mwingine, mpita njia anaeenda shamba, balozi wa nyumba kumi. Shahidi mmoja wa nje ana uzito kuliko watu wanne wa familia yako.

Daftari ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nunua daftari la shule, andika tarehe, saa, mbwa gani, nini kimetokea, nani kaona. Andika hata ile siku walikuja wakabweka tu wakaondoka. Baada ya muda ule mfululizo wenyewe unaongea. Na mifugo yako iwe na kumbukumbu: heleni za masikioni kama unaweza, au picha ya kila mmoja na umri wake, ili ikifika kwenye kulipwa mtu asikwambie yule mbuzi alikuwa kilema mzee.

Muombe bwana mifugo wa kata aje aandike taarifa yake: idadi, majeraha, chanzo anachokiona yeye, thamani ya mnyama kwa bei ya mnada wa sasa, sahihi na mhuri. Hiyo karatasi ndio nguzo. Mpigie siku hiyo hiyo, akija siku ya tatu mzoga umeshaoza hana cha kukagua.

Hasara piga yote. Bei ya mnyama aliyekufa, dawa, nauli na gharama ya daktari, mimba iliyotoka, na maziwa. Kama mbuzi au ng'ombe alikuwa anatoa lita 4 kwa siku akashuka mpaka 2 kwa siku 10, hizo ni lita 20, zidisha kwa bei unayouzia. Usiongeze hata senti ya uongo. Ukikamatwa umedanganya kwenye kuku mmoja hata wale mbuzi watatu wa kweli hawatakuamini.

HATUA YA 5: Kwenda kwa jirani

Hapa ndio pa kutumia akili zaidi, na ndio maana nasema uende mapema. Usimpigie simu, usimuandikie kwenye grupu la mtaa, nenda kwa miguu yako. Nenda jioni ametulia, sio asubuhi anakimbilia kazini, na usiende na kundi la vijana wenye fimbo. Nenda na mtu mzima mmoja anaeheshimika na nyote wawili. Piga hodi, salimia vizuri, kaa ukikaribishwa. Kama ni mtu mzima kuliko wewe usiruke shikamoo hata kama una hasira kiasi gani, ukiiruka tu kesi imeshageuka kuwa ya adabu yako na sio ya mbwa wake.

Maneno yawe mepesi na ya kueleweka, mfano hivi:

"Shikamoo mzee wangu. Habari za hapa, wote wazima? Nimekuja kwa jambo la ujirani, nimeona nije mwenyewe kabla halijawa kubwa. Jana alfajiri wale mbwa wako wawili, yule mwekundu na yule mwenye doa kifuani, waliwakimbiza mbuzi wangu mpaka kule kwenye mkonge. Alhamdulillah hakuna aliyekufa. Picha hizi hapa. Naomba mzee tusaidiane, mchana wafungwe, na usiku wawe ndani ya uwa wako. Na kama chanjo bado basi tuulizie kwa bwana mifugo, mimi mwenyewe ntakusindikiza."

Alafu nyamaza umsikilize. Wengine watakataa kabisa, "mbwa wangu hatoki". Usibishane, muonyeshe picha na umwambie "basi mzee tuwaangalie wote wawili wiki hii". Wengine watasema wale mbwa sio wao wanakuja tu pale kula makombo. Hilo nalo lipeleke kwa upole: kama wanalala kwako na wanakula kwako, majirani wote wanawahesabu wako.

Mpe na njia, usimpe lawama tu. Watu wengi hawajui kufunga mbwa bila kumtesa. Mnyororo mfupi kwenye mti juani unamfanya mbwa kuwa mkali zaidi, siku akikatika ndio balaa. Kizuri ni waya uliofungwa kati ya miti miwili, mnyororo unateleza juu yake, mbwa anatembea kivulini na maji yapo. Apewe chakula kwa saa maalumu jioni nyumbani, mbwa aliyeshiba na anaejua saa ya chakula hazururi sana. Dume akihasiwa hamu ya kuhangaika kutafuta majike inapungua, na jike likiwa kwenye joto lifungiwe ndani maana lenyewe ndio linaleta kundi la madume ya mitaa mitatu, na kundi hilo likikutana na mbuzi njiani huwa halipiti salama.

Ukishaenda mara hiyo ya kwanza, mwenye mbwa hawezi tena kusema hakujua mbwa wake ana tabia hiyo. Hilo litakusaidia sana mbele, kwaio liandike kwenye daftari: tarehe, nani alikuwepo, nini kilisemwa.

Kama hasara imeshatokea na mmeelewana, andikeni. Hata ndugu. Kitu kama hiki kinatosha:

"Mimi ______ wa mtaa/kijiji cha ______, nakiri kwamba tarehe ______ mbwa wangu (rangi na alama) walijeruhi/kuua mifugo ya ndugu ______, idadi ______. Tumekubaliana nitalipa shilingi ______ ifikapo tarehe ______. Nitawafunga mbwa mchana na kuwazuia ndani ya uzio usiku, na nitawapatia chanjo ya kichaa kabla ya tarehe ______. Wakirudia tutafika mbele ya mtendaji." Sahihi za wote wawili, mashahidi wawili, na mhuri wa mwenyekiti.

HATUA YA 6: Jirani akigoma

Panda ngazi moja moja, usiruke. Balozi, alafu mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji na kijiji, alafu mtendaji wa kijiji au kata. Kila unapopita acha barua yenye nakala, waombe wagonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Malalamiko ya mdomo yanasahaulika siku mwenyekiti akibadilika. Kwa mtendaji uliza sheria ndogo za halmashauri yako zinasemaje kuhusu mbwa kuzurura na chanjo, omba uione, usiridhike na "ipo ipo".

Huku hayo yanaendelea bwana mifugo ana nafasi yake. Kichaa cha mbwa kinaangukia kwenye Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, kwaio mbwa anaeng'ata ng'ata mifugo bila chanjo sio ugomvi wa majirani wawili tu, ni jambo la afya ya kijiji kizima. Ukiliweka hivyo kwenye barua linasikilizwa haraka kuliko ukiandika "jirani yangu ananidharau".

Baraza la kata ni sehemu nzuri ya kusuluhishwa, gharama ni ndogo na wazee wa pale wanawajua wote wawili. Ikishindikana mahakama ya mwanzo inapokea madai ya fidia, na pale ndio daftari, picha, taarifa ya bwana mifugo, shahidi wa nje na ile tarehe uliyomjulisha jirani vinafanya kazi pamoja. Polisi nenda kama mtu kang'atwa, au umetishiwa, au mwenye mbwa anawaachia makusudi.

HATUA YA 7: Sumu hapana

Najua inavyouma. Mbuzi uliemlea toka kitoto, ulikuwa umemuweka kwa ajili ya ada ya mtoto, unamkuta koo limetolewa. Lakini usitege sumu, na usimruhusu kijana wako atege. Mbwa mwenye mwenyewe ni mali ya mtu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, kwaio kutoka kwenye kudai unageuka kuwa mshtakiwa. Nyama yenye sumu haichagui nani aile. Anakula paka wa mwingine, kuku wako wanadonoa matapishi, mtoto anaokota. Sumu zenyewe zinazotumika ni za wadudu wa shambani na nyingine zinapita hata kwenye ngozi ya mtu. Na kingine, ukiua mbwa wa mtaa nafasi inabaki wazi wanakuja wengine ambao huwajui na hawana chanjo. Kinachokata kichaa cha mbwa kwenye eneo ni kuchanja, Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa mnyororo wa ugonjwa unakatika.

HATUA YA 8: Banda na uzio, hii anza wiki hii hii

Usisubiri jirani abadilike ndio ujenge. Banda la kuinuliwa la mbuzi ni zuri kwa kuzuia unyevu wetu huu wa pwani na kwa usalama pia, ila lina kasoro moja watu hawaioni: mbwa anaingia chini ya banda na kung'ata miguu kupitia nafasi za mbao. Nafasi ziwe upana wa kidole tu, na zungushia chini kote, uache mlango mdogo wa kutolea mbolea wenye komeo. Mlango wa banda uwe na komeo la kweli, sio kamba, mbwa anatafuna kamba.

Uzio uwe juu angalau futi sita. Lakini mbwa wengi hawaruki, wanachimba. Kwaio wavu ukifika chini usiuishie hapo, ukunje kwa nje ulale juu ya ardhi futi moja na nusu, ufukie kidogo na juu yake panga mawe. Mbwa anaanza kuchimba pale ukuta ulipo, anakutana na wavu chini ya miguu yake na hana akili ya kurudi nyuma futi mbili aanzie huko. Kama pesa ya wavu hakuna, miti ya mkonge ipo huku, ipange ikiwa imebanana, funga na waya mistari mitatu, chini panga mawe, ila ujue inaoza, kila baada ya masika kagua. Seng'enge peke yake haimzuii mbwa, anapita katikati ya mistari. Michongoma inafaa sana ila inataka miaka, ipande leo nje ya uzio wa muda.

Kwa kuku, nyavu chakavu za wavuvi zinafunika vizuri juu kwa ajili ya mwewe na kunguru, lakini pembeni weka wavu wa chuma, nyavu ya uzi mbwa anaichana. Taa ya sola inayowaka yenyewe kitu kikipita weka upande wanaotokea mbwa, na kengele au njuga mfungie mbuzi mmoja wawili, usiku kundi likishtuka utasikia mapema.

Na sasa jambo ambalo ni la kwetu wenyewe wafugaji. Kondo la nyuma, vitoto vya mbuzi vilivyokufa, matumbo na vichwa baada ya kuchinja, tunatupa wapi? Tukitupa nyuma ya banda tunawaita mbwa kwa mkono wetu na kuwafundisha kwamba hapa pananukia chakula. Chimba shimo refu, kimo cha mtu kwa mzoga mkubwa, mwagia chokaa ambayo Tanga inapatikana kirahisi, fukia, weka mawe juu. Usimpe mbwa yeyote kichwa cha mbuzi au kondoo kibichi. Kuna minyoo ya tegu inaishi kwenye utumbo wa mbwa, mayai yake yanatoka na kinyesi, mbuzi anakula na majani, na viluwiluwi vinaenda kukaa kwenye ubongo. Mbuzi anaanza kuzunguka zunguka upande mmoja, kichwa kimeinama, mwisho anakufa, Wamasai wanauita ormilo. Mbwa akila kile kichwa, mzunguko unaanza upya. Kwaio mbwa anaezurura malishoni kwako ana madhara hata akiwa hajang'ata mtu wala mbuzi, na dawa ya minyoo kwa mbwa ni faida ya mwenye mbuzi.

HATUA YA 9: Machungani

Mbuzi wa kufungwa kamba ndio wanaokufa kirahisi kuliko wote. Kamba inamnyima kukimbia, anajizungusha mtini anajikaba mwenyewe kabla hata mbwa hajamaliza. Kama unafunga kwa kamba, funga pale unapowaona, na ukitoka nyumbani warudishe bandani. Asubuhi usitoe mapema sana, subiri pakuche vizuri watu wawe njiani. Kando ya mkonge usipeleke vitoto vya mbuzi.

Usimuache mtoto mdogo achunge peke yake kwenye njia ya mbwa wakali. Anaechunga mfundishe: mbwa wakija usikimbie, kusanya mbuzi, simama ukiwa umewakabili, fimbo mbele, ongea kwa sauti nene, rudi taratibu. Akikimbia yeye mbuzi wanakimbia, na wakikimbia mbwa wanafuata.

Kama unafikiria mbwa wako mwenyewe wa kulinda, mlete akiwa mdogo kabisa alelewe bandani na mbuzi, alale nao, akicheza nao vibaya anakemewa hapo hapo. Mbwa mkubwa aliyezoea kuwinda usimlete zizini, hata kama unapewa bure.

HATUA YA 10: Mbwa wasio na mwenyewe, na siku ya chanjo

Wale wa sokoni, machinjioni na dampo, hao huna mwenyewe wa kuongea nae, ongea na mtendaji na bwana mifugo kwa barua ya wafugaji wengi, majina na sahihi kumi zinatembea kuliko moja. Kwenye barua hiyo hiyo ombeni siku ya chanjo mtaani kwenu. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na mara nyingi kampeni zinawekwa karibu na hapo, lakini msingoje mpaka mwezi huo, ulizeni sasa hivi mnahitaji mbwa wangapi ili timu ije. Tangazeni msikitini, kanisani, shuleni, watoto ndio wanaowaleta mbwa kwa kamba siku hiyo. Wenye mifugo mkichangishana kidogo mkawalipia gharama wale wasio na uwezo, ni rahisi kuliko bei ya mbuzi mmoja. Na kila mbwa aliyechanjwa mwenyewe apewe kadi, piga picha kadi za wale mbwa wa pembeni yako, tarehe ya kurudia ikifika mkumbushe mwenyewe wiki moja kabla.